Kaseti ya Jumanne Tupu

Wiki iliyopita niliingia duka dogo nyuma ya ofisi yetu hapa Al Sadd, Doha, kutafuta sabuni, nikatoka na pakiti ya naftalini ambayo sikuihitaji. Nadhani nanyi mnaijua hali hiyo. Pua ilinunua kabla kichwa hakijaulizwa. Kwangu sina blanketi la sufu wala sweta la kuhifadhi, lakini harufu ile iliponipanda nilijikuta nina miaka kumi tena, nimepiga magoti sakafuni, nimeingiza mkono hadi begani chini ya kitanda cha wazazi wangu.

Chini ya kitanda hicho palikaa sanduku la nyumbani, likinuka naftalini. Kila familia ya Wakenya niliyoijua Doha ilikuwa na lake. Ni sanduku linalojazwa kidogo kidogo mwaka mzima kungoja likizo: shuka zilizoshushwa bei, viatu vya shangazi vya saizi ya kubahatisha, visabuni vya hotelini, tochi, manukato yenye kifuniko cha dhahabu bandia. Mama yangu, aliyekuwa muuguzi, ndiye aliyelijaza, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kulifungua. Mimi nililikagua bila ruhusa. Sikuwa na nia ya kuiba. Nilitaka tu kujua kila kitu kinamwendea nani. Nilikuwa mtoto wa kuuliza. Mwalimu wangu aliliandika hilo kwenye ripoti, na mpaka leo sijui kama lilikuwa sifa au mashtaka.

Siku hiyo, chini kabisa, ndani ya soksi iliyokosa mwenzake, nilipata kaseti. Jalada lake lilikuwa karatasi iliyokunjwa kwa mkono, na juu yake mtu alikuwa ameandika kwa wino mzito: JUMANNE TUPU. Ndani ya jalada ilibandikwa picha ya vijana wanne wamesimama mbele ya ukuta wa mabati. Walikuwa wembamba, suruali zimewabana, nyuso wamezinunisha kana kwamba wamenyimwa chakula. Mmoja alikuwa baba yangu. Nilimjua kwa masikio yake. Wa pili alikuwa na nywele zilizofura hadi kuziba nusu ya mabati. Wa tatu alivaa miwani. Wa nne hakuwa na kichwa. Mahali pa kichwa palikuwa na tundu la mraba lililokatwa kwa wembe, kingo zimenyooka kabisa. Nilichungulia kupitia tundu hilo nikaliona zulia letu.

Sasa lazima niwaambie kidogo kuhusu baba. Alikuwa fundi wa sauti katika hoteli moja, mtu wa kutega maikrofoni za mikutano na spika za harusi, na kazi hiyo ilikuwa imemfundisha kunyamaza. Hata kanisani siku ya Ijumaa alikaa nyuma, kwenye meza ya mitambo. Kwaya yetu ilihangaika miaka miwili ikitafuta mpiga gitaa la besi, ikamwomba Mungu kwa sauti mbele ya baba yangu, naye akaitikia amina pamoja na wengine.

"Ulikuwa na bendi?" nilimuuliza.

Aliigeuza kaseti mkononi. "Umetoa wapi hii kitu?" Kisha, kwa kuwa sikuondoka, akasema, "Tulikuwa tunajaribu tu."

Nilikuwa nimegundua siri moja kuhusu baba: ukimuuliza jambo akiwa amekaa bure, hutapata kitu, lakini akiwa anakunja nyaya, mdomo unafunguka wenyewe. Kwa hiyo kila alipoleta nyaya nyumbani nilikaa mkekani, nikashika ncha moja, nikauliza. Majibu niliyaandika kwenye daftari langu la hesabu, kurasa za nyuma.

Hivi ndivyo nilivyopata kujua kwamba huko Makadara, Nairobi, kulikuwa na ukumbi wa mtaa, na mlangoni palining'inia ubao wa ratiba. Jumatatu karate, Jumatano akina mama, Alhamisi ndondi, Ijumaa disko. Kwenye Jumanne mtunza ukumbi alikuwa ameandika: tupu. Vijana wanne wakamwomba siku hiyo ambayo haikutakwa na mtu, na jina la bendi wakalichukua palepale ubaoni.

Muziki wenyewe waliupata kwa mwalimu mgeni wa fizikia, aliyemaliza mkataba wake akaacha nyuma vitu vitatu: koti la mvua, kamusi, na kaseti isiyo na jina. Ilikuwa ya bendi fulani ya ng'ambo, ya watu waliopiga gitaa kama wanakwaruza sufuria na kuimba kama wamechukizwa na kila kitu. Vijana wa Makadara waliisikiliza kwa redio iliyotumia mawe sita, yaani betri kubwa, na mawe mapya hawakuwa nayo. Waliyaanika yale makuukuu juani asubuhi ili yapate nguvu ya jioni, jinsi kila mtu alivyofanya. Mawe yakichoka, kaseti huzunguka polepole, na sauti hushuka ikawa nzito.

"Sisi tukadhani hiyo ndiyo beat yao," baba alisema, akivuta waya. "Polepole, zito, mtu anaimba ni kama anaongea chini ya kitanda. Tukajifunza hivyo hivyo, kila noti. Watu walikuwa wanataka muziki ya kudensi, sisi tunawapea hiyo. Halafu juzi, hapa hotelini, mgeni anajaribu spika, anaweka wimbo ule ule. Apondi, huo wimbo ulikuwa unakimbia. Ulikuwa wimbo wa kurukaruka. Nilikaa chini." Akatikisa kichwa. "Bendi yetu yote ilikuwa makosa ya betri."

Nilicheka mpaka nikaachilia ncha ya waya. Nikaona huu ndio wakati, nikamuuliza yule asiye na kichwa ni nani, na nani alimkata.

Mikono yake ilisimama. "Huyo ni mtu wa zamani," alisema. "Rudisha hiyo kitu mahali ulitoa." Baadaye kidogo akaongeza, akiuambia waya wala si mimi, "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki."

Nilimwendea mama. "Muulize babako," alisema, akivua viatu vya kazi. "Mimi nilimkuta na mizigo yake tayari."

Hapo mngekuwa nyinyi mngeacha. Mimi nilichora mstari chini ya ukurasa nikaandika: Baba alimkata rafiki yake. Kwa nini?

Jumapili yetu huku huangukia Ijumaa. Tulipanda basi hadi Mesaimeer, kwenye lile eneo la makanisa, majengo makubwa ya rangi ya mchanga ambamo ibada hufanyika mlango kwa mlango. Ukipita ukumbini ulisikia Wafilipino wakiimba huku, Wahindi wakisali kule, na sisi katikati tukijitahidi tusizidiwe. Baada ya ibada Wakenya na Waganda walisimama nje kwenye maegesho, chapati zikatoka kwenye karatasi za fedha, chai ikamiminwa, na habari za nyumbani zikagawanywa.

Katika maegesho hayo alikuwepo mwanamume mmoja mnene, mwenye upara, shati jeupe lililopigwa pasi, aliyesimama kando ya gari kubwa la zamani. Alikuwa dereva wa nyumba ya Waarabu na alisali kwenye ibada nyingine. Kila Ijumaa baba alipotoka, mtu yule aliinua mkono hadi kifuani. Baba naye aliinua wake hadi kifuani. Kisha kila mmoja akatazama kwingine. Nyinyi mliokaa ugenini mnajua kwamba hilo si jambo la kawaida. Hapa hata Mkenya usiyemjua kabisa, mkikutana kwenye foleni ya maziwa, mnaulizana nyumbani ni wapi na kama mvua imenyesha. Hawa wawili walikuwa wakisalimiana kama wanaoapa kortini.

"Yule ni nani?" nilimuuliza mama.

"Barasa," alisema, akili yake ikiwa kwenye chapati. "Walikuwa wanapiga muziki pamoja zamani."

Basi kwangu kesi ilikuwa imekwisha. Nilizilinganisha nyuso tatu za kwenye picha na uso wa mtu yule, na hakuna hata mmoja uliofanana naye. Kwa hiyo alikuwa wa nne, na baba alimkata kichwa kwa wembe kwa sababu ya ubaya fulani alioufanya. Kilichobaki ni kujua ubaya wenyewe. Ijumaa iliyofuata niliificha kaseti ndani ya mfuko wa zipu wa Biblia yangu, nikangoja baba aanze kukunja nyaya, nikavuka maegesho.

"Habari, Anko," nilisema. "Ni wewe baba alikukata kichwa?"

Aliiweka chai yake juu ya gari. Alinitazama sana, kisha akatazama nilikotoka. Nikafungua zipu nikampa. Kabla ya kuipokea alifuta viganja vyote viwili kwenye suruali.

Aliitazama picha ile muda mrefu. Halafu akaweka kidole juu ya kijana mwenye nywele zilizofura. "Huyu ndio mimi, mpiga ngoma," alisema. "Usicheke." Sikucheka, nilikuwa nimeaibika, maana uchunguzi wangu wote ulikuwa umeshindwa na upara. Kidole chake kikasogea hadi kwenye tundu, kikaligusa pembeni tu. "Na huyu ni Kizito. Yeye ndiye alikuwa anaimba."

"Baba alimchukia?"

"Nani amekwambia hivyo?"

"Mbona alimkata sasa?"

Akachuchumaa ili tulingane, na magoti yake yakalia. "Sikiza, mama. Kule nyumbani mtu akifa, picha lazima iende kwa gazeti, iende kwa programu ya mazishi, ingine ibebwe mbele ya jeneza. Sasa kama mtu hakuwa wa kupiga picha, mnatafuta yoyote iko. Mnakata kichwa, mnapeleka studio, wanaikuza. Kizito hakuwa na picha. Alikuwa na hii tu."

Sikuwa nimewahi kuhudhuria mazishi. Nimekulia mji ambamo watu wetu hawazikwi. Wakifa husafirishwa, na sisi watoto huona tu wakubwa wakinong'ona sebuleni na mtu akibebewa sanduku hadi uwanja wa ndege. Nilimuuliza Kizito aliuawa na nini, akasema malaria, siku tatu. Nilimuuliza kama yeye alimwona kwenye jeneza. Hapo akasimama.

"Mimi nilikuwa hapa Doha tayari," alisema. "Babako alipiga simu kwa ile nyumba, mpishi akaniletea habari. Pasipoti yangu ilikuwa kwa sefu ya mwenye nyumba. Nikaomba ruhusa, nikaambiwa mwezi ujao, inshallah. Sasa ningempigia babako nimwambie nini? Ati siji? Nikasema wacha nikae wiki moja nipate maneno. Wiki ikaisha. Ya pili ikaisha." Akageuza kaseti. "Nimejiuliza miaka yote kama hiyo picha ilitoka vizuri."

Nilimsikia baba kabla sijamwona, kwa vichuma vya ncha za nyaya alizobeba begani vilivyokuwa vikigongana. Alikuwa amefika nyuma yangu. Aliiona kaseti mkononi mwa Barasa, akaniona mimi na Biblia yangu iliyo wazi, na nikajua kwamba safari hii nimevuka mpaka. Mama alizoea kusema mchimba kisima huingia mwenyewe, nami nilikuwa ndani ya changu hadi shingoni.

Hakuna aliyenigombeza. Hakuna aliyeonekana kukumbuka kwamba nipo.

"Ile picha," Barasa alisema. "Ilitoka poa?"

Baba aliteremsha nyaya chini. "Walikuza sana," alisema. "Ikatoka na madoadoa. Lakini alikuwa anafanana. Mamake aliipenda."

"Hiyo ni sawa."

"Nilingoja simu, Barasa."

"Najua."

"Githinji wa miwani alikuwa ashaenda Mwanza. Kwa bendi yote ni mimi peke yangu nilikuwa pale. Niliambia watu utapiga simu. Niliwaambia mara mbili."

"Najua, Besi," alisema, akimwita baba kwa gitaa alilopiga zamani. "Ni aibu ilinishika."

Nilikuwa nimezoea filamu, nikangoja wakumbatiane. Hawakukumbatiana. Walisimama pale, mmoja akitazama gari na mwingine akitazama nyaya, na jua la Doha likituchoma sote watatu bila upendeleo. Nilimtaka sana baba aseme kitu. Katika mji ule wote hakukuwa na mtu mwingine aliyemjua akiwa mwembamba na mwenye kununa, na niliona wazi, hata kwa miaka yangu kumi, kwamba akiokota nyaya zake akaondoka, mikono haitainuliwa tena hata hadi kifuani.

Barasa aligonga paa la gari. "Hii gari ya mama mzee wa ile nyumba iko na mashine ya kaseti," alisema. "Alikataa waibadilishe, anasikiliza zake."

"Niko na haraka leo," baba alisema. Lakini hakuokota nyaya. Mtu huyu alishinda kutwa kati ya mitambo ya kila aina, na wakati wowote angeweza kuitafutia kaseti ile mashine. Hakuwa ametafuta. Mwishowe akanifungulia mlango wa nyuma, naye akazunguka akaketi mbele.

Ndani mlinukia udi. Barasa aliwasha kiyoyozi, akatoa kwenye mashine kaseti ya Kurani ya bibi wa nyumba ile, akaifunga kwa leso safi na kuiweka juu mbele ya kioo. "Hii haiwekwi chini," aliniambia. Kisha akaingiza ya kwao.

Kulikuwa na mvumo mrefu, halafu ngoma, halafu mtu akaanza kuimba kwa sauti nyembamba ya haraka, sauti ya mtoto wa darasa la pili aliyetumwa dukani na anaogopa kusahau. Wale wawili wakageukiana. Nyuso zao zilikuwa za watu waliofika nyumba wanayoijua wakakuta wapangaji wengine.

"Si yeye huyu," Barasa alisema.

"Betri," baba akasema. "Tulirekodi na mawe yaliyochoka. Sasa mashine nzima inamkimbiza."

Wakaanza kucheka. Sijui kama nitaweza kuwaeleza kicheko kile. Baba aliegemea mlango, machozi yakimtoka, na Barasa alipiga usukani hadi honi ikalia na watu wa maegesho yote wakageuka. Kizito wao, aliyekuwa na sauti ya mtu anayeongea chini ya kitanda, aliendelea kulalamika kwa kasi kuhusu maji yaliyokatwa na baba wa msichana fulani. Vidole vya baba vilianza kutembea juu ya goti lake, na Barasa akawa anapiga ngoma pole pole kwenye usukani.

Wimbo wa mwisho ulikuwa umefika katikati pale gitaa na besi vilipokatika kwa pamoja, ghafla. Ngoma haikusimama. Sauti ya Kizito pia haikusimama, ilipanda zaidi. Waliendelea hivyo, ngoma na mtu, hadi mwisho.

Mimi sikuwahi kuona taa zikizimika Doha. Nilijua sababu moja tu ya mtu kuacha kucheza na wenzake. "Baba, mbona uliacha?" nikauliza. "Mlikosana?"

"Sikuacha. Stima ilipotea. Besi bila stima ni ubao tu."

"Ngoma haitaki stima," Barasa alisema. "Wala mdomo wa Kizito."

Baba akamwomba airudishe nyuma. Tukasikiliza tena mahali pale: wote wanne wapo, kisha wawili hawapo, kisha ngoma na sauti zikiendelea. Kaseti ilipofika mwisho ikajizima yenyewe, ukabaki upepo wa kiyoyozi.

"Mlibaki wawili," baba alisema. Alikuwa akitazama mbele. "Nyinyi ndio mlikuwa mabeste, tangu darasa la kwanza. Miaka yote nimengoja unipigie uniambie pole. Mimi mwenyewe sijawahi kukwambia." Akamgeukia. "Pole, Barasa. Pole sana."

Barasa alifunika macho kwa kiganja. Alikaa hivyo hadi nikaanza kuogopa. "Asante, Besi," alisema mwishowe.

Nilishangaa. Kwangu mimi pole ilikuwa neno la mtu aliyejikwaa kwenye ngazi. Hawa walikuwa wakipeana pole ya kitu kilichotokea kabla sijazaliwa, na mwenye kuipokea aliipokea kama habari imefika asubuhi ile. Nyumbani nililiandika hilo kwenye daftari, nikaweka alama ya kuuliza, na sikupata jibu. Baba hakujiunga na kwaya, wala hawakuanza kuongea sana. Ila kila Ijumaa walikaa ndani ya gari la mama mzee nusu saa, hadi Barasa alipomaliza kazi akarudi Bungoma kabisa.

Baba alifariki mwaka juzi. Siku ile simu yangu haikupumzika, na kila aliyepiga nilimpokelea pole yake na kumshukuru. Usiku ukaingia simu ya Barasa, na ilipounganika sikusikia kitu. Nilijua yupo kwa sababu alikuwa akihema. Alikuwa akitafuta maneno, mzee yule, kama alivyoyatafuta mara ya kwanza, na mimi nikafahamu kwamba kila mtu alikuwa amepiga kwangu kwa kuwa mimi ndiye mtoto wa marehemu, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kupiga Bungoma. Sikumngoja.

"Pole sana, Anko," nilimwambia. "Pole kwa rafiki yako."

Akalia basi, kwa sauti, na mimi nikaishika simu hadi alipomaliza.